Usikivu Hafifu kama Ushahidi: Ukarabati wa Redio za Valvu na Historia ya Usikilizaji Afrika Mashariki, 1951–1964

Ikisiri

Insha hii inachunguza tatizo la usikivu hafifu linalojitokeza wakati wa kukarabati redio za valvu za aina zilizotumika Afrika Mashariki kati ya mwaka 1951 na 1964. Hoja yake kuu ni kwamba udhaifu wa usikivu una vyanzo vya namna tatu: uchakavu wa redio, tabia ya redio tangu ilipoundwa, na mabadiliko ya mazingira ambamo redio inasikilizwa. Fundi asiyevitenganisha vyanzo hivyo huharibu redio nzima akidhani anaiponya. Vilevile, mwanahistoria asiyevitenganisha hufikia hitimisho potofu kuhusu nani alisikia nini katika miaka ya kudai uhuru. Insha inapendekeza kwamba hatua za fundi za kutafuta chanzo cha udhaifu zichukuliwe kuwa sehemu ya mbinu za uhakiki wa vyanzo vya kihistoria.

1.0 Utangulizi

Katika masimulizi ya wazee kuhusu miaka ya 1950, ni jambo la kawaida kusikia kwamba redio ya zamani ilikuwa "inashika" kuliko redio za leo. Kwamba Cairo au London ilisikika barazani kana kwamba msomaji wa habari ameketi jirani. Msikilizaji wa masimulizi hayo anapoiendea redio yenyewe, ikiwa imehifadhiwa ndani ya kabati la familia au katika jengo la makumbusho, na kuiwasha baada ya kukarabatiwa, mara nyingi hukuta mikwaruzo na sauti moja au mbili za mbali. Swali linalozuka ni la kihistoria kabla ya kuwa la kifundi: je, wazee wametia chumvi, redio imechakaa, au dunia iliyoizunguka redio ile imebadilika?

Swali hili lina uzito. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, nalo Shirika la Utangazaji la Tanganyika likaundwa mwaka 1956. Redio Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954, mwaka uleule ambao TANU iliasisiwa, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikafuata mwaka 1957. Utafiti wa James Brennan kuhusu Redio Cairo umeonesha uzito wa matangazo hayo katika siasa za ukombozi wa Afrika Mashariki. Hata hivyo, kujua kwamba matangazo yalirushwa si sawa na kujua kwamba yalisikika. Baina ya mtambo na sikio palikuwapo chombo, na chombo hicho kwa sehemu kubwa ya kipindi hiki kilikuwa redio ya valvu.

2.0 Namna Redio ya Valvu Inavyofanya Kazi

Valvu ya kwanza ilivumbuliwa na John Ambrose Fleming mwaka 1904, na miaka miwili baadaye Lee de Forest alianza kuiongezea waya wa tatu, yaani gridi, uliowezesha umeme mdogo kuongoza umeme mkubwa. Mwaka 1918, Edwin Armstrong, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Marekani nchini Ufaransa, alibuni mfumo wa superhetero ambao ndio uliotawala redio za majumbani katika kipindi kinachochunguzwa.

Katika mfumo huo, redio haikuzi mawimbi ya stesheni kama yalivyo. Kwanza huyachanganya na mawimbi inayoyazalisha yenyewe, kisha huchukua tofauti baina ya hayo mawili. Kwa mfano, stesheni ikiwa kwenye kHz 1,000, redio huzalisha kHz 1,470. Tofauti ni kHz 470. Msikilizaji akihamia kHz 1,200, redio nayo huhamia kHz 1,670, na tofauti hubaki ileile. Tofauti hiyo, ambayo katika insha hii tutaiita masafa ya kudumu, katika redio nyingi za Ulaya za wakati huo ilikuwa kati ya kHz 450 na 475. Kwa kuwa haibadiliki, waundaji waliweza kuikuza kwa koili zilizorekebishwa mara moja kiwandani na kufungwa kwa nta.

Hivyo basi, sauti hupita hatua tano: antena na koili yake, valvu ya kuchanganya, valvu ya kukuza masafa ya kudumu, valvu ya kutoa sauti kutoka katika mawimbi, na valvu ya mwisho inayosukuma spika. Udhaifu katika hatua yoyote humfikia msikilizaji kwa sura moja tu, yaani sauti ndogo. Hapa ndipo ugumu wa utambuzi unapoanzia.

3.0 Kutafuta Chanzo cha Udhaifu

3.1 Kuanzia nje ya sanduku

Kosa la kwanza la wakarabati wengi ni kufungua redio kabla ya kuichunguza antena. Redio nyingi za miaka ya mwanzo ya 1950 hazikuwa na antena ya ndani iliyotosha. Ziliundwa kwa matarajio kwamba mwenye nyumba atatundika waya wa mita 10 hadi 20 juu ya paa au baina ya miti, na kuunganisha waya wa pili ardhini. Kwa hiyo, redio kama hiyo ikiunganishwa na waya wa mita mbili ndani ya chumba cha matofali na mabati, usikivu utakuwa hafifu hata kama kila kipuri ni kizima.

Aidha, nyumba ya leo imejaa vyanzo vya kelele visivyokuwapo mwaka 1955: chaja za simu, taa za LED na vifaa vya kompyuta. Kelele hizo huifunika stesheni dhaifu, na msikilizaji huuita ufinyu huo udhaifu wa redio. Jaribio sahihi ni kuipeleka redio mahali pasipo na vifaa hivyo, au kuzima umeme wa nyumba nzima na kusikiliza kwa redio ndogo ya betri kwanza. Ikiwa redio hiyo ndogo nayo haipati kitu, redio ya valvu haina hatia.

3.2 Kuigawa redio katika nusu

Endapo tatizo limebaki ndani, fundi mwenye busara habadilishi vipuri kwa kubahatisha. Huanza na spika na kurudi nyuma kuelekea antena. Akigusisha ncha ya bisibisi yenye mpini usiopitisha umeme kwenye kiungo cha kati cha kirekebisha sauti, spika ikaguna kwa nguvu, sehemu ya sauti ni nzima na upungufu uko nyuma yake. Kisha huingiza mawimbi ya masafa ya kudumu kutoka kwenye kifaa cha kupimia, hatua moja baada ya nyingine, hadi afike mahali ambapo ongezeko la nguvu lililotarajiwa halionekani. Redio yenye jicho la kijani, yaani ile valvu ndogo inayong'aa na kujifunga stesheni inapoingia vizuri, humpa kipimo cha ziada: jicho likijifunga vizuri ilhali sauti ni ndogo, mawimbi yanafika na udhaifu uko upande wa sauti.

Ni lazima kutoa tahadhari hapa. Baadhi ya redio za wakati huo ziliundwa kutumia umeme wa aina zote mbili bila transfoma, na fremu yake ya chuma huunganishwa moja kwa moja na waya wa umeme wa nyumba. Kuigusa fremu hiyo, au kufanya jaribio lililotajwa hapo juu bila transfoma ya kutenganisha, kunaweza kuua.

3.3 Vipuri vinavyochakaa

Wakosaji wa kwanza ni kapasita za karatasi iliyolowekwa nta. Unyevunyevu huzipenya taratibu, na katika miji ya mwambao hali hiyo huharakishwa na joto na hewa ya chumvi. Kapasita ikianza kuvuja, umeme uliokusudiwa kwenda kwenye valvu hupotea ardhini. Rezista za kaboni nazo huongezeka ukinzani kadiri miaka inavyopita.

Athari yake inaweza kupimwa kwa hesabu nyepesi. Tuchukulie gridi ya pili ya valvu ya kukuza inapata umeme kutoka kwenye volti 250 kupitia rezista ya kiloomu 47, nayo inatumia miliampea 3. Rezista hula volti 141, na gridi hubakiwa na volti 109. Rezista hiyo ikipanda hadi kiloomu 100, gridi hubakiwa na takribani volti 67 tu. Valvu haijafa, redio haitoi moshi, na stesheni ya karibu bado inasikika. Kinachopotea ni stesheni za mbali. Huu ndio udhaifu wa kawaida na wa hadaa, kwa kuwa redio huonekana nzima.

Kasoro nyingine ya mara kwa mara ni kukatika kwa koili ya antena. Waya wake ni mwembamba kama unywele. Hukatwa na kutu ya kijani au na radi iliyopiga karibu na antena. Ukikatika, mawimbi machache huendelea kuruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na hivyo stesheni zenye nguvu husikika kwa mbali. Koili nzima hupimwa kuwa na ukinzani wa omu chache hadi makumi kadhaa. Iliyokatika haioneshi chochote. Uthibitisho wa pili ni kuunganisha antena, kupitia kapasita ndogo, kwenye gridi ya valvu ya kuchanganya. Usikivu ukiimarika ghafla, mkosaji amepatikana.

Orodha hiyo hukamilishwa na valvu zilizochoka na swichi ya kuchagulia mawimbi iliyoota kutu. Valvu hupewa lawama zaidi ya inavyostahili. Ni busara kupima volti zote kabla ya kuinunua nyingine.

3.4 Skrubu zisizopaswa kuguswa

Kosa linaloharibu redio nyingi kuliko uzee wenyewe ni kuzungusha skrubu za koili za masafa ya kudumu kwa matumaini ya kuongeza usikivu. Skrubu hizo ziliwekwa kwa kipimo. Koili mojawapo ikiwekwa kHz 460 na nyingine kHz 475, nguvu hugawanyika na usikivu huanguka. Marekebisho hufanywa mwishoni, baada ya vipuri kuwa vizima, kwa kifaa cha kuzalisha mawimbi na kipimo cha nguvu ya sauti. Nta iliyovunjika juu ya skrubu ni dalili kwamba kuna mkono uliotangulia.

4.0 Udhaifu kama Hali ya Kila Siku: Redio ya Betri

Mpaka hapa tumechukulia kwamba redio ilipokuwa mpya ilisikika vizuri wakati wote. Kwa wasikilizaji walioishi nje ya miji yenye umeme, sivyo ilivyokuwa. Redio zao zilitumia valvu za betri, kama vile DK91, DF91, DAF91 na DL92, zilizohitaji volti 1.4 za kuwasha waya wa ndani na kwa kawaida takribani volti 90 za kuendesha mkondo. Betri zilikuwa ghali na zilichoka.

Mfano ulio wazi unatoka Rhodesia ya Kaskazini, jirani ya Tanganyika upande wa kusini-magharibi. Mwaka 1949, kwa juhudi za ofisa habari Harry Franklin, kampuni ya Ever Ready iliunda redio ya valvu nne kwa ajili ya Waafrika, iliyojulikana kwa jina la sufuria kwa sababu ya umbo lake la duara. Redio iliuzwa kwa pauni 5, na betri yake kwa pauni 1 na shilingi 5, yaani robo ya bei ya redio. Betri ilidumu takribani saa 300. Familia iliyosikiliza saa tatu kila siku ilihitaji betri mpya baada ya siku 100. Iliyokusanya majirani kila jioni hadi usiku, mapema zaidi.

Kinachomhusu mwanahistoria ni namna betri inavyokufa. Haikati sauti kwa mara moja. Volti za kuwasha zikishuka, valvu ya kuchanganya hushindwa kuzalisha mawimbi yake, na kwa kawaida hushindwa kwanza katika mawimbi mafupi ilhali mawimbi ya kati yanaendelea. Maana yake ni kwamba wasikilizaji wawili wa kijiji kimoja, wenye redio za aina moja, wangeweza kuishi katika dunia mbili za habari kulingana na umri wa betri. Mwenye betri mpya alipata stesheni za ng'ambo. Mwenzake alibaki na stesheni yenye nguvu iliyo karibu, kama ipo, au na kimya. Tofauti hiyo haiandikwi katika takwimu za leseni za redio wala katika ratiba za matangazo.

5.0 Anga Nalo Lina Historia

Mawimbi mafupi hufika mbali kwa sababu tabaka la hewa yenye chembe za umeme, ambalo Edward Appleton alithibitisha kuwapo kwake kwa majaribio ya mwaka 1924, huyarudisha ardhini. Mruko mmoja hauzidi takribani kilometa 4,000. Cairo iko zaidi ya kilometa 4,000 kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo mawimbi kwa kawaida yalihitaji miruko miwili, na kila mruko ulitegemea hali ya tabaka hilo kwa saa na msimu husika.

Tabaka hilo hulishwa na jua, nalo jua lina mzunguko wa takribani miaka 11. Shughuli za jua zilikuwa chini kabisa mwaka 1954, zikapanda hadi kilele cha mwaka 1957–1958, ambacho ni cha juu kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa, kisha zikashuka tena hadi chini mwaka 1964. Wakati wa kilele, masafa ya juu ya mawimbi mafupi hupitika vizuri na kwa saa nyingi zaidi; wakati wa kushuka, masafa hayo hufunga mapema na watangazaji hulazimika kuhamia masafa ya chini.

Ukiweka tarehe hizo kando ya kalenda ya siasa, jambo moja hujitokeza. Kuanzishwa kwa Idhaa ya Kiswahili ya BBC na kushamiri kwa harakati za uhuru Tanganyika kuliangukia katika miaka ambayo anga lilikuwa wazi kuliko wakati wowote uliopimwa. Mzee anayesema kwamba mwaka 1958 alisikia ng'ambo kwa uwazi usiopatikana baadaye si lazima awe ametia chumvi. Huenda ndivyo ilivyokuwa kwa kipimo cha fizikia. Na msikilizaji aliyeona usikivu ukipungua kuelekea mwaka 1964 angeweza kuilaumu betri, au fundi, kwa kosa lililotendeka kwenye jua.

Upande wa mitambo nao umebadilika. Kwa miongo kadhaa, kituo cha kurushia matangazo cha Deutsche Welle kilichokuwa Kigali kiliwapa wasikilizaji wa ukanda huu mawimbi mafupi yenye nguvu; kilifungwa mwezi Machi mwaka 2015. Barani Ulaya vituo vingi vya mawimbi ya kati vimezimwa. Fundi anayeifufua redio ya mwaka 1956 na kukuta ukimya mahali palipoandikwa jina la mji fulani kwenye kioo cha stesheni, asiharakishe kuifungua. Huenda redio inasema kweli.

6.0 Ukarabati Unaofuta na Ukarabati Unaohifadhi

Kutokana na mjadala huu, redio yenye usikivu hafifu ni hati, na kila hatua ya ukarabati huandika juu ya maandishi yaliyotangulia. Kapasita ya miaka ya 1970 iliyofungwa ndani ya redio ya mwaka 1954 hutuambia kwamba redio hiyo ilikuwa bado ikisikilizwa miaka ishirini baadaye na kwamba mwenyewe aliona inafaa kugharimiwa. Waya wa simu uliotumika badala ya waya wa asili hutuambia vipuri vilikosekana. Alama ya mkaa wa radi kwenye koili ya antena hutuambia palikuwa na waya mrefu nje, yaani msikilizaji alitafuta stesheni za mbali. Swichi iliyochakaa upande wa mawimbi mafupi pekee ni ushahidi wa mazoea ya usikilizaji ambao hauwezi kupatikana katika nyaraka.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kubadilisha chochote, mkarabati apige picha za ndani, aandike volti zilizopimwa katika kila valvu, achore mahali pa kila kipuri kisicho cha asili, na ahifadhi vipuri vilivyotolewa katika bahasha yenye tarehe. Pia aandike hali ya usikivu kabla na baada, pamoja na urefu wa antena, saa ya jaribio na mahali. Bila taarifa hizo, sentensi "redio hii sasa inashika vizuri" haina maana ya kitaaluma, kwa kuwa haielezi kipimo cha uzuri huo ni kipi.

Kuna wanaoweza kupinga kwamba kazi hiyo inazidi thamani ya sanduku la mbao lenye waya. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama tungekuwa na kumbukumbu nyingi za wasikilizaji wa kawaida. Nyaraka za watangazaji zimehifadhiwa kwa wingi kuliko za wasikilizaji. Redio zenyewe ni miongoni mwa mashahidi wachache wa upande wa pili, na hupungua kila mwaka kwa kutupwa au kwa kukarabatiwa bila kumbukumbu.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba usikivu hafifu si kasoro moja bali ni jina linalofunika hali nyingi: rezista iliyopanda, koili iliyokatika, betri iliyochoka, anga lililofunga, au stesheni iliyozimwa. Fundi huzitenganisha kwa kuanza nje ya redio, kurudi nyuma hatua kwa hatua kutoka kwenye spika, na kutogusa marekebisho hadi mwisho. Mwanahistoria anahitaji mpangilio huohuo anapopima masimulizi ya usikilizaji: kwanza aulize kuhusu mtambo na anga la mwaka husika, kisha antena na betri, ndipo afikie kumbukumbu ya msimulizi. Kuanza na kumshuku mzee ni sawa na kuanza kwa kuzungusha skrubu za koili. Ni rahisi kufanya, na ni vigumu kurekebisha.